Garimoshi lilichelewa, siri ikafika

Mpenzi msomaji, je, umewahi kwenda likizo ukarudi umechoka kuliko ulivyokwenda? Usicheke. Mwezi wa Aprili mimi na mama watoto tulikwenda Mombasa kupumzika, na tuliporudi Nairobi nilihitaji likizo nyingine ya kuuguza majeraha ya ile ya kwanza.

Sikusimulii kisa hiki kwa kujigamba. Utaona mwenyewe kwamba hakuna mahali ninapotoka na sifa. Nakusimulia kwa sababu najua kuna akina baba wengi wanaosoma ukurasa huu kila Jumapili ambao wamefanya nilivyofanya, na kuna akina mama wengi ambao wamenyamaza kama alivyonyamaza mke wangu.

Sisi tumeoana miaka tisa na tuna watoto wawili. Katika miaka hiyo yote hatukuwahi kusafiri peke yetu. Safari zetu zilikuwa za mazishi, harusi, na Krismasi kule mashambani, tena tukiwa tumepakatana na watoto, magunia na kuku. Nyumbani Umoja nako mazungumzo yetu yalikuwa ya aina moja: karo, gesi imekwisha, tokeni za stima zinakaribia kuisha, nani atampeleka mtoto hospitalini. Sikumbuki mara ya mwisho tulipozungumza jambo lisilokuwa na bei.

Basi mwezi Machi nikamwambia Mama Neema kwamba kazini nimepewa marupurupu, na kwamba nitampeleka Mombasa. Alinitazama kidogo, kisha akauliza, “Marupurupu ya nini?”

“Ya kazi,” nikajibu.

“Haya, Baba Neema,” akasema. Likaishia hapo. Nakuomba uliweke swali hilo la mke wangu mahali pema, maana tutalirudia.

Watoto tuliwaacha na shemeji yangu. Alhamisi saa tisa alasiri tukaondoka Nairobi kwa garimoshi, tikiti za daraja la chini, Sh1,500 kila mmoja. Safari ya kwenda ilikuwa tamu ajabu. Katika mbuga ya Tsavo, ambako reli imeinuliwa juu ya tuta na madaraja ili wanyama wapite chini yake, tuliwaona ndovu wekundu kwa udongo wa kule. Mama Neema alinishika mkono. Nikajiambia, kumbe mambo ni rahisi hivi!

Ijumaa tulishinda ufuoni Bamburi. Mambo yaliharibika Jumamosi, siku ya kurudi.

Orodha ya bwana mkubwa

Ijumaa usiku nilikuwa nimekaa kitandani katika nyumba ya wageni nikaandika orodha. Fort Jesus, Mji wa Kale, Barabara ya Biashara, Pembe za Moi Avenue, feri ya Likoni, bustani ya Mama Ngina, kisha kituoni Miritini kabla ya saa nane mchana. Nikamsomea Mama Neema kama karani anayesoma kumbukumbu za mkutano.

“Na Haller Park?” akauliza.

“Tukibakiwa na wakati.”

Ngoja nikueleze ombi hilo lilitoka wapi. Haller Park zamani yalikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji, ardhi kavu isiyoota kitu. Mwaka wa 1971 Rene Haller alianza kupanda miti pale, mivinje na mingineyo, na leo ni msitu wenye twiga, mamba na kobe. Ndipo alipopelekwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamfanya kobe mmoja mzee kuwa mama yake. Binti yetu Neema alisomewa hadithi hiyo shuleni. Mama yake alimwahidi kumletea picha ya mahali pale. Hilo ndilo jambo moja tu alilonitaka katika safari nzima. Tena nyumba tuliyolala ilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka langoni.

Mtaka yote hukosa yote, walisema wahenga. Lakini mimi asubuhi ile sikuwa na masikio ya wahenga.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimesimama mlangoni, begi mkononi. Nje ya lango palikuwa na mama mmoja akikaanga mahamri, na sufuria ya mbaazi za nazi ikitoa mvuke kando yake. Mama Neema akavuta benchi akaketi. Nikamwambia hatuna muda wa kuketi, tufungiwe mahamri tukale njiani. Ewe msomaji, mahamri hufungika katika gazeti, lakini mbaazi hazifungiki. Tukapanda matatu na mahamri makavu, naye akayatafuna akitazama dirishani.

Foleni ya kuingia kisiwani kupitia daraja la Nyali ikatula saa nzima na zaidi. Haraka zangu zote za alfajiri zikayeyukia pale.

Ngome, leso na feri ya bure

Fort Jesus tulipata kijana wa kututembeza aliyeijua kazi yake. Alitueleza jinsi Wareno walivyoanza kuijenga ngome hiyo mwaka wa 1593 kwa ramani ya Muitalia Cairati, jinsi Waarabu wa Oman walivyoizingira kuanzia mwaka wa 1696 hadi walipoiteka Desemba 1698, na jinsi Waingereza walivyoigeuza jela. Tangu mwaka wa 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia.

Mama Neema alitaka kujua waliokuwa ndani walikula nini muda huo wote. Kijana akaeleza kuwa njaa na maradhi viliua wengi kuliko mizinga, na kwamba meli za msaada kutoka Goa zilifika ngome ikiwa imekwisha kutekwa.

“Walingoja karibu miaka mitatu!” mke wangu akasema kwa mshangao.

Mimi nilikuwa natazama saa. “Mizinga ni mingapi kwa jumla?” nikamuuliza yule kijana, ili amalize haraka. Akanitazama kwa huruma.

Mji wa Kale ulitaka miguu ya polepole, kwa vichochoro vyake vyembamba, milango ya nakshi na roshani za mbao. Mimi nilikuwa nakokota begi. Nilisahau kukwambia, mpenzi msomaji, kwamba kwa vile tulikuwa tumekabidhi chumba, tulikuwa na mizigo yetu yote. Katika kichochoro kimoja gurudumu la begi liking’oka likabingirika hadi miguuni mwa wazee waliokuwa wakinywa kahawa. Wakaniamkua kwa adabu zote, kisha nikasikia kicheko nyuma yangu. Tangu hapo begi lilikaa kichwani.

Mama Neema akasimama kununua mabuyu na kachiri za muhogo kwa bibi mmoja mlangoni pake. Wakazungumza. Nikamwambia tunapoteza wakati kwa mambo ya shilingi hamsini. Alilipa, akaitia pakiti mkobani, hakunijibu.

Barabara ya Biashara ndiyo iliyonishinda kuelewa. Kila mwanamke anayekwenda Mombasa hurudi na leso, na pale zilining’inia za kila rangi. Mke wangu alizigusa, akasoma majina yake, akacheka peke yake kwa lile jina na hili. Nikatoa pochi kwa madaha. “Chagua jozi mbili,” nikamwambia.

“Sikuipenda hata moja,” akasema, akairudisha aliyokuwa ameishika.

Nilikasirika. “Nimekuleta Mombasa, hata leso hutaki! Nyumbani watasema nini?”

Hakujibu. Tukaenda kwenye zile Pembe, ambazo zilisimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1952, tukapigwa picha. Ninayo hapa ninapoandika. Mimi nimekenua meno, yeye anatazama kando, na begi bovu liko katikati yetu kama mtoto wa kambo.

Kisha tukaenda Likoni. Kwa nini? Kwa sababu anayevuka kwa miguu halipi, na mimi nilikuwa na kiu ya kitu cha bure. Tukavuka, tukakanyaga ng’ambo, tukageuka kurudi. Mvua ikaanza kunyesha. Feri nayo ikasimama kungoja meli kubwa ya mizigo ipite kuelekea bandari ya Kilindini. Tulisimama pale tumelowa kama vifaranga, umati umetubana huku na huku, begi kichwani. Bure hiyo ilitugharimu saa moja na nusu.

Mibuyu ya Mama Ngina tuliiona kupitia pazia la nailoni la tuktuk, tukielekea Miritini. Nikaitia alama katika orodha.

“Unaweka alama ya nini?” mke wangu akauliza.

“Si tumeiona?”

Hapo ndipo alipogeuka. “Tumelala siku mbili mlangoni pa Haller Park,” akasema polepole. “Kitu kimoja, Baba Neema. Nilikuomba kitu kimoja.”

Badala ya kuomba radhi nikaanza kuhesabu gharama. Nikamtajia nauli, chumba, kiingilio na tuktuk. Nikamwambia kuna wanawake ambao wangeshukuru. Naam, nilisema hivyo. Mwenye tuktuk akaongeza sauti ya redio kwa heshima.

Miritini, saa nane na dakika kumi

Tulifika kituoni mbio, tukapanga foleni ya ukaguzi, mbwa wakatunusia mizigo, mashine ikapitisha begi. Jasho na maji ya mvua vilinichuruzika mgongoni. Tulipofika ndani tukiwa tunahema, kipaza sauti kikatangaza kwamba garimoshi la saa tisa litachelewa kwa sababu ya mvua.

Hebu fikiria. Tangu alfajiri nilimkimbiza mke wa watu kama mwizi, nikamnyima mbaazi na kobe wake, ili tuliwahi garimoshi ambalo halikuwa na haraka nasi.

Saa kumi ikafika, likatangazwa tena. Saa kumi na moja, likatangazwa tena. Watoto walilia, watu wazima waligombea mahali pa kuchajia simu, bwana mmoja mwenye tai aliwapigia simu watu wote anaowajua kuwaeleza kisa kilekile. Sisi tulikaa benchi moja, tukiacha pengo la kutosha watu wawili.

Pengo hilo akaja kulikalia bibi mmoja aliyevaa buibui, na kikapu chake. Akatutazama huyu, akamtazama yule.

“Wanangu, mbona mwakaa kana kwamba mwatoka mazikoni?” akauliza.

Nikamwambia tunasikitikia garimoshi, bibi.

“Gari litakuja! Zama zetu latoka Mombasa jioni, mwafika Nairobi asubuhi. Twala, twapiga soga, twalala, na likichelewa twaendelea kupiga soga.”

Alisema kweli. Reli ile ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Nairobi mwaka wa 1899, ilikuwa ikibeba abiria usiku kucha, hadi ilipofunguliwa reli mpya mwaka wa 2017. Usiku mzima katika behewa moja! Watu wa wakati huo bila shaka walijuana.

Bibi akauona mkoba wa Mama Neema. “Na hayo mabuyu wamuwekea nani? Mpe mumeo ale, uso utamkunjuka.” Kisha akajitwalia kikapu chake akaenda kuswali.

Mama Neema akaitoa pakiti. Mabuyu yaleyale ya shilingi hamsini niliyoyabeua ndiyo yaliyokuwa chakula chetu, maana tangu mahamri makavu hatukuwa tumetia kitu kinywani. Tukala kachiri, tukamumunya mabuyu, vidole vikawa vyekundu. Palikuwa hapana mahali pa kukimbilia. Orodha ilikuwa imekwisha. Nikahisi kifua kimenijaa.

“Mama Neema,” nikasema, “sikupewa marupurupu.”

Alitema kokwa la buyu katika kiganja.

“Pesa za safari hii nilikopa kwa simu. Elfu kumi na nane, kwa mikopo miwili. Ya pili nililipia ya kwanza.”

“Najua,” akasema.

Mpenzi msomaji, nilidhani nimesikia vibaya. Akanieleza kwamba siku ileile niliyomwahidi safari, Neema alikuwa akicheza na simu yangu, na ujumbe wa kwanza wa mkopo ukaingia. Mtoto, ambaye ndiyo kwanza ameanza kujua kusoma, akamsomea mama yake kwa sauti, herufi kwa herufi.

“Kwa nini hukusema?”

“Nilikuuliza. Nilikuuliza marupurupu ya nini. Tangu siku hiyo nangoja uniambie.”

Hapo ndipo ile leso ilipoeleweka. Kumbe aliipenda. Alipenda jozi moja ya rangi ya zambarau, na hata jina lake alinitajia pale benchini. Lakini hakuweza kujifunga pesa za deni kiunoni huku akijua, nami nikijifanya tajiri.

Kijasho chembamba kilinitoka. Kisha nikayaelewa na yangu. Haraka yote ile ya kutia alama haikuwa ya kupenda Mombasa. Pesa ya kukopa humkaba mtu. Nilitaka kila shilingi ionekane imefanya kazi. Nilikuwa nikikimbizwa na tarehe ya kulipa, nami nikamkimbiza mke wangu.

Alilia kidogo. Alisema kilichomuuma si deni, kwa kuwa madeni tumeyaona. Kilichomuuma ni kwamba nilimfanya mgeni katika nyumba yake, mgeni anayekaribishwa sebuleni huku jikoni kumefungwa. Sikuwa na jibu. Nikamwomba radhi, kwanza kwa uongo, kisha kwa Haller Park, na mwisho kwa yale maneno ya tuktuk.

Ndipo tukaligeuza lile karatasi langu la orodha. Nyuma yake Mama Neema akaandika deni lote, riba, tarehe, na mshahara wa kila mmoja. Tulipiga hesabu tukapunguza hapa na pale, tukaona litakwisha kwa miezi mitatu bila kugusa karo. Kwa mara ya kwanza siku ile hatukusikia kipaza sauti. Ni yule bibi aliyekuja kutugusa begani: “Wanangu, gari hilo lafunguliwa milango!”

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu. Nilikuwa nimemwahidi ndovu tena, lakini Tsavo tuliipita gizani na dirisha likatuonyesha nyuso zetu wenyewe tu. Hakulalamika. Alilala begani pangu kutoka Voi hadi karibu na Nairobi, na mkono wangu ukafa ganzi, nami sikuuondoa.

Nililojifunza

Sasa wewe unayenisoma, hasa wewe baba, nikuachie matatu niliyolipia kwa gharama.

Kwanza, kabla ya kupanga safari, mwambie mwenzako pesa zinatoka wapi. Safari ya Sh2,000 ambayo nyote mnajua zimetoka wapi ina raha kuliko ya Sh18,000 yenye kificho. Mkopo wa simu huchukuliwa kwa dakika moja, tena ukiwa umejifungia chooni, na ndiyo maana ni rahisi kumficha mke. Lakini mkopo hutuma ujumbe, na nyumbani kuna watoto wanaojifunza kusoma.

Pili, siku ya kurudi si siku ya kutembea. Chagueni jambo moja lililo karibu, na liwe lile ambalo mwenzako amelitaja mara mbili. Saa za katikati muziache tupu, maana foleni, mvua na meli za Kilindini hazikusoma orodha yako.

Tatu, usiichukie saa ya kungoja. Sisi tulikwenda hadi ufuoni na hadi ngomeni, lakini tulizungumza kwenye benchi la kituo. Lau garimoshi lingefika saa tisa, huenda ningerudi Umoja na siri yangu, naye na ya kwake, na hadi leo tungekuwa tunaongea habari za gesi.

Deni tulilimaliza mwezi Julai. Mwezi Agosti, watoto walipofunga shule, tulikwenda wote wanne kwenye Makavazi ya Reli hapa Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Tuliwaonyesha behewa ambamo simba alimnyakua Mwingereza Charles Ryall kule Kima mwaka wa 1900. Neema alitaka kujua kama simba alikuwa na tikiti. Tulipanda matatu moja ya kwenda na moja ya kurudi, na pesa zilikuwa zetu.

Haller Park bado inatungoja. Tumefungua kibuyu cha akiba, na ufunguo anao Mama Neema. Mimi ninachoweka humo ni sarafu tu, na kila ninapoweka namwambia zimetoka wapi.

Hadi Jumapili ijayo, panapo majaliwa, nakutakia mapumziko mema.